Mark X ya Mathe Inaenda Saketi

Nikiambia watu naenda saketi Jumamosi ijayo, karibu kila msee ananiuliza swali moja: "Umeifanyia nini injini?" Jibu langu huwa linawaudhi. Sijaifanyia kitu. Ekzosi ni ile ilitoka nayo Japani, kompyuta haijaguswa, na hakuna hata stika moja kwa mlango. Pesa yangu yote imeingia kwa vitu ambavyo huwezi kuviona kwa picha na huwezi kuvisikia gari ikipita. Leo nataka niwaeleze kwa nini, kwa sababu naona hapa Nairobi tumeshika hii stori ya gari za mbio kwa mkia badala ya kichwa.

Wacha nianze na gari yenyewe. Ni Toyota Mark X, ile ya kizazi cha pili, GRX130, V6 ya lita 2.5. Inasukumwa na magurudumu ya nyuma, gia ni otomatiki ya hatua sita, na ikiwa mpya Toyota waliipa zaidi ya nguvu farasi 200. Sifa zake mnazijua. Ukitaja Mark X Kenya hii, mtu wa kwanza atakutajia miraa, wa pili atakutajia Meru, wa tatu ataanza kucheka. Hii yetu haijawahi kubeba miraa. Inabeba mitumba. Mathe anauza nguo za watoto, na Jumatatu na Alhamisi saa kumi na moja asubuhi lazima iwe Gikomba ikingoja beli. Siku zilizobaki mimi naitumia kwenda kupiga video za wateja. Mkopo wa sacco haujaisha, na jina lililo kwa logibuku si langu.

Kwa hivyo nikisema "kuandaa gari", elewa naongea juu ya gari itakayozunguka saketi Jumamosi na kubeba beli Jumatatu. Hakuna trela ya kuirudisha nyumbani. Hakuna gari ya pili kwa parking. Ikivunjika, biashara ya mtu mwingine imesimama.

Sasa utaniuliza: kama ni hivyo, kwa nini usiiache tu nyumbani?

Mwaka juzi tulizika rafiki yetu wa kampo. Usiku wa Jumamosi, Southern Bypass, gari mbili zikipimana. Sitasema zaidi ya hapo, familia yake iko mtandaoni kama sisi. Ninachoweza kusema ni hesabu. Grupu ya WhatsApp ilifunguliwa, namba ya M-Pesa ikatumwa, kila mtu akatoa alichokuwa nacho: soo mbili, soo tano, thao. Pesa tuliyochanga kwa jeneza na basi la kupeleka watu ushago ingelipia kundi letu lote siku nzima ya saketi, na chakula cha mchana juu. Hiyo hesabu nimeirudia kwa kichwa mara nyingi, hasa usiku nikiskia gari zikipasuliwa kule barabarani.

NTSA hutangaza kila mwaka kwamba tumepoteza zaidi ya watu 4,000 barabarani, na kundi kubwa zaidi ni watu wanaotembea kwa miguu. Ndiyo maana ile hoja ya "mimi najua kuendesha" hainisaidii. Labda kweli unajua. Lakini Bypass hauko peke yako. Kuna mama anavuka akitoka kazi ya usiku, kuna lori halina taa za nyuma, kuna msee wa bodaboda amebeba abiria wawili na godoro. Hakuna mmoja wao aliyekubali kushiriki mashindano yako.

Na bado wafuasi wangu wananiandikia inboksi: "Buda, tuletee video ya Bypass, tuone kama inafika 180." Najua hiyo video ingetazamwa kuliko kitu chochote nimewahi kuweka hapa. Niliacha kampo mwaka wa pili, na tangu hapo kodi yangu inalipwa na macho yenu, kwa hivyo msidhani ni rahisi kukataa. Lakini nikiweka hiyo video, kuna kijana wa miaka kumi na tisa mahali ataazima gari ya babake kuijibu. Sitaki kuwa kwa grupu ya kumchangia.

Ndiyo maana ya saketi. Wote mnaenda upande mmoja. Hakuna anayevuka. Kuna mtu wa bendera, kuna ambulensi, kuna mtu mwenye kazi ya kukuambia "wewe toka, gari yako inavuja." Ukipotea kwa kona, unaingia kwa vumbi badala ya kuingia kwa kibanda cha mama mboga. Lakini saketi haiondoi hatari yote, na ndiyo sababu maandalizi yanaanza na breki.

Nilipoweka hii kitu kwa stori, msee mmoja akaandika: "Dropout anataka kutufundisha fizikia." Sawa, brathe, lakini hii ni ya kidato cha tatu, niliifanya nikiwa bado nimevaa sweta ya shule. Nguvu ya mwendo inakua kwa mraba wa kasi. Ukitoka kilomita 60 kwa saa ukafika 120, hujaongeza mara mbili, umeongeza mara nne. Mark X yenye mtu ndani ni kama tani moja na nusu. Ukiisimamisha kutoka 120, breki zimemeza karibu kilojuli 830 za joto. Tuseme kwa lugha ya jikoni: hilo joto linatosha kuchemsha maji ya zaidi ya lita mbili na nusu, kutoka baridi ya mfereji hadi yatoe povu. Kila ukikanyaga breki namna hiyo, umepika chai ya familia nzima kwa sekunde chache.

Barabarani unapika hiyo chai mara moja, halafu unakaa kwa foleni dakika ishirini breki zikipoa. Saketi ina kona nyingine mbele, na nyingine, na nyingine. Joto halina pa kwenda isipokuwa kwa diski, pedi, na mafuta ya breki.

Hapo kwa mafuta ya breki ndipo watu wengi hawaangalii kabisa. Ile namba ya DOT kwa chupa inakuambia kiwango cha chini cha joto ambacho mafuta lazima yastahimili kabla ya kuchemka. DOT 3 ikiwa mpya ni nyuzi 205. DOT 4 ni 230. Shida ni kwamba haya mafuta hunywa unyevu wa hewa, polepole, mwaka baada ya mwaka, hata kama gari imekaa tu. Yakishalowa, DOT 3 inaweza kuchemka kwa nyuzi 140 na DOT 4 kwa 155. Na mafuta yakichemka yanatoa mapovu, na povu linabanwa, mafuta hayabanwi. Maana yake unakanyaga breki, mguu unaenda mpaka sakafuni, na gari inaendelea na safari yake.

Fundi wetu ana kibanda Kirinyaga Road, pale wazee wanaita Grogan. Ni mzee, ameshika spana tangu kabla nizaliwe. Alipofungua kile kijichupa cha breki akachovya kitambaa cheupe, kikatoka na rangi ya kahawa. Akaniangalia akasema, "Kijana yangu, haya ni ya kuendea sokoni. Huko unakotaka kwenda hayafiki." Tukamwaga yote, tukapitisha DOT 4 mpya kwa magurudumu manne, tukianza na lile lililo mbali zaidi na pampu, mpaka mafuta yakatoka safi bila povu. Chupa mbili, thao moja na mia sita. Ukiniuliza kitu kimoja cha kufanya na pesa kidogo uliyo nayo, ni hiki. Na usinunue iliyoandikwa DOT 5 ukidhani ni ya juu zaidi. Hiyo ni ya silikoni, haichanganyiki na hizi zingine. DOT 5.1 ni kitu kingine, hiyo inaweza.

Pedi za mbele zilikuwa zimebaki nusu. Kwa Gikomba nusu ni nyingi, kwa saketi nusu inaweza kuisha siku moja. Nimeweka mpya za bei ya kati, 6,500, za kampuni inayojulikana na kutoka duka lililonipa risiti, kwa sababu mjini kuna pedi feki zenye boksi maridadi kuliko ile ya kampuni. Zile za zamani nimeziweka kwa boksi, zinaenda na mimi kama akiba. Pedi mpya pia lazima zizoeshwe na diski kabla hujazitesa. Nilitoka asubuhi mapema kwa barabara tupu ya mtaa, kasi 50, nakanyaga mpaka 10 bila kusimama kabisa, naachilia, napumzisha, narudia. Mara kumi na mbili hivi. Jirani alidhani gari imeharibika.

Tukija kwa tairi, watu hupenda kuuliza kampuni. Mimi nauliza kwanza umri. Kwa ubavu wa tairi kuna tarakimu nne ndani ya kijiduara kirefu baada ya herufi DOT. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Ukiona 2319, hiyo ilitoka kiwandani wiki ya 23 ya mwaka wa 2019. Tairi inaweza kuwa na meno yote na bado imekauka kama mkate wa juzi. Nenda sasa hivi usome za gari yenu, nitangoja.

Zetu ni 215/60R16, za kawaida, na bado changa. Sijanunua za mbio. Tairi ya kawaida huanza kulia kabla haijaachilia, na mtu wa mara ya kwanza anahitaji hicho kilio, ni kama konda anakugongea mabati kukuambia mwisho uko karibu. Ile ya mbio inakimya, inakimya, halafu inakuacha ukiwa kasi zaidi.

Presha nayo usiikisie kwa kupiga teke. Nimenunua kipimo changu, 1,200. Asubuhi tairi zikiwa baridi naweka presha ile ile imeandikwa kwa kibandiko cha mlango wa dereva. Kila joto la tairi likipanda nyuzi kumi, presha inapanda karibu PSI moja na nusu. Baada ya mizunguko michache inaweza kuwa imepanda 5 au 6, tairi imevimba katikati, gari inaanza kuteleza na unadhani ni wewe hujui. Kwa hivyo unarudi, unapima zikiwa moto, unapunguza kidogo. Halafu jioni, kabla hujashika Mombasa Road kurudi nyumbani, zikishapoa unajaza tena. Hiyo ya mwisho nimeiandika kwa mkono na kuibandika kwa dashibodi.

Sasa injini, kwa wale mlikuwa mnangojea. Ukweli wa kwanza utawauma. Uwanda wa Athi uko kama mita 1,500 juu ya bahari, na Nairobi ni karibu 1,800. Huku juu hewa ni nyepesi, na injini isiyo na tabo inapoteza kama asilimia 15 ya nguvu yake. Wale farasi 200 wanaoimbwa, thelathini hivi wamebaki Mombasa wanaogelea. Ekzosi ya kelele haiwezi kuwaleta. Itakuletea tu trafiki polisi.

Ukweli wa pili ni kwamba kwa saketi injini haifi kwa kukosa nguvu, inakufa kwa kukosa baridi na kukosa oili. Maji Nairobi yanachemka kwa nyuzi 94 hivi badala ya 100, muulize yeyote anayepika githeri. Kinachozuia radieta kuchemka mapema ni kulanti sahihi na kile kifuniko chake kinachoshikilia presha. Kifuniko kikilegea, presha inatoroka na maji yanachemka mapema. Kipya kilikuwa mia nane. Ukiwa na hizi injini za GR, chukua tochi uangalie pembeni ya pampu ya maji kama kuna ukoko wa rangi ya waridi. Hiyo ni kulanti ya Toyota iliyovuja ikakauka. Ukiuona, ahirisha saketi, tengeneza pampu. Yetu ilikuwa kavu, nikashukuru.

Oili imebadilishwa pamoja na chujio, na nimeijaza mpaka alama ya juu ya kijiti, bila kupita. Kwa kona ndefu oili inakimbilia upande mmoja, na ikiwa chini kuna wakati pampu inaweza kuvuta hewa. Kitu kinachotenganisha injini nzima na injini ya kuuza kwa kilo kinaweza kuwa nusu lita ya oili.

Chini ya gari tuliangalia bushi, shoku, boli jointi, mabomba ya breki, na tukapeleka alaimenti. Bushi moja ya mbele ilikuwa imepasuka, tukabadilisha. Nati za magurudumu nimeazima spana ile ya kupima nguvu, kwa sababu Toyota wanataka 103 Nm, hawataki "kaza mpaka ulie." Zikiwa legevu zinatoka, zikikazwa kupita kiasi zinanyoa boliti. Zitakazwa Ijumaa usiku, na zitaangaliwa tena baada ya mizunguko ya kwanza.

Halafu ndani. Hii ni bure kabisa na ndiyo watu hupuuza. Toa kila kitu. Chupa ya maji ikiviringika chini ya breki, mambo yote niliyosema hapo juu hayana maana. Mkeka wa dereva utoke. Kwa buti ya gari yetu nilipata hanga kumi na moja, viatu vya mtoto vya mguu mmoja, na kipande cha kamba ya beli ambacho sijui kilifikaje huko. Gurudumu la akiba na jeki vinaenda saketi lakini vitabaki chini pale pa kuegesha, sitazunguka navyo. Ile ndoano ya kuvutia gari hakikisha ipo na unajua inafungwa wapi, ndiyo wakuvute ukikwama kwa mchanga.

Kuhusu bima, toa ile karatasi usome, hata kama maandishi ni madogo kama mchwa. Bima nyingi za gari binafsi zinasema wazi hazilipi ukiwa kwa mbio au majaribio ya kasi. Maana yake Jumamosi nikigonga ukuta, huo ukuta ni wangu na mkopo ni wangu. Nilimkalisha mathe nikamsomea hicho kipengele kwa sauti kabla sijalipa nafasi yangu, kwa sababu gari ni yake. Alinyamaza kidogo. Akauliza, "Na hao wa Bypass, bima yao hulipa?" Nikamwambia hata hiyo hailipi, na juu yake kuna polisi na korti, maana kushindana kwa barabara ya umma ni kosa. Akasema, "Basi afadhali huko kwenye ambulensi."

Kwa jumla: mafuta ya breki, pedi, oili na chujio, kifuniko, bushi, alaimenti, kipimo cha presha, nimetumia kama elfu 23. Nafasi ya saketi na petroli ni juu ya hiyo. Helmeti nimeazima kwa msee anayeendesha rali. Si pesa kidogo, sitawadanganya, imenichukua miezi minne ya kuweka. Lakini linganisha na rimu na ekzosi ambazo vijana wa rika langu wanafunga kila wiki, halafu uangalie umri wa mafuta yao ya breki. Na karibu kila kitu nilichonunua gari ilikihitaji hata kama haingeenda popote isipokuwa Gikomba. Mathe sasa anapanda na breki bora kuliko alizokuwa nazo tangu tuinunue.

Watu husema saketi ni ya matajiri, na Wakenya wa kawaida hatuna historia huko. Historia tunayo. Mwaka wa 1965 Joginder Singh na ndugu yake Jaswant walishinda Safari Rally na Volvo PV544 ambayo ilikuwa imeshatumika kabla yao. Joginder alikuwa mekanika kabla ya kuitwa bingwa, na akaja kushinda tena 1974 na 1976. Sisemi Mark X ya mitumba ni Safari. Nasema tu kwamba heshima ya gari katika nchi hii ilianza kwa mtu anayejua kilicho chini ya boneti, muda mrefu kabla ya yule anayejua kufunga taa za bluu.

Imebaki dereva. Mpango wangu wa siku hiyo umeandikwa. Mzunguko wa kwanza ni wa kutembea, naangalia tu wenye bendera wamesimama wapi. Njano, kuna hatari mbele, punguza. Nyekundu, kipindi kimesimamishwa. Bluu, kuna mtu kasi nyuma yako, mwachie njia bila kununa. Nyeusi, unaitwa urudi. Ile ya mirabaraba, kipindi kimeisha. Kiti nakisogeza mpaka kifundo cha mkono kikae juu ya usukani bila mgongo kutoka kwa kiti. Mfumo wa kuzuia gari kuteleza unabaki umewashwa siku nzima, na yeyote atakayeniambia niuzime kwa ajili ya kamera atapewa namba ya sacco azungumze nao. Mizunguko minne au mitano, halafu mmoja wa polepole wa kupoza breki na gia, halafu natoka. Nikiegesha naweka P na jiwe kwa gurudumu, sikanyagi wala sikazi breki zikiwa moto.

Sina lengo la muda. Najua hiyo ni kontenti mbaya, hakuna namba ya kuweka kwa kichwa cha video. Lengo langu ni kujua gari yetu inaachilia wapi, ili nikiwa Waiyaki Way mvua inanyesha na mtu amejitupa mbele yangu, mguu wangu uwe umeshawahi kuwa hapo. Huo ujuzi hauwezi kuupata kwa 180 ya mstari ulionyooka. Kwa mstari ulionyooka unajua tu gari inavyokimbia, na hiyo kila gari inajua.

Kama uko na gari, hata kama ni Vitz ya mamako, wiki hii fanya vitu vitatu: soma tarehe za tairi, chovya kitambaa kwa mafuta ya breki, toa takataka chini ya kiti. Nitumie picha ya hicho kitambaa, nitaziweka zote, hata za aibu. Na kama huna gari lakini unapenda hii kitu, njoo Jumamosi. Nahitaji mtu wa kushika kipimo cha presha na daftari, na mtu wa kunikumbusha kunywa maji. Tutarudi na jua likiwa juu, tujaze tairi, tuoshe vumbi. Jumapili fundi ataingia chini yake na tochi aangalie nimeacha nini huko. Na Jumatatu saa kumi na moja, mathe akifungua mlango, atakuta mkeka umerudishwa mahali pake na buti iko tupu, inangoja beli.